Mwanamke Aliyejifunza Kukwea Itale

Itale ni neno la Kisukuma, na maana yake ni jiwe kubwa, basi. Lakini kwetu, upande wa Samuye, mtu akisema Itale bila kuongeza neno, watu wote walijua anasema mwamba gani. Ulisimama peke yake kwenye mbuga ya ng'ombe, mrefu kupita mti wowote. Upande wa nyuma ulikuwa na mteremko ambao hata mbuzi waliumudu. Upande wa mbele, unaotazama machweo, ulikuwa ukuta mtupu, na ukuta huo ulipasuliwa na ufa mmoja ulioanza chini ukiwa mwembamba na kupanuka kadiri ulivyopanda, hadi ukawa kama mlango mweusi. Ndani ya mlango huo waliishi nyuki.

Bujiku alikuwa mtu wa nyuki hao. Kila mwaka, baada ya mavuno, alipita nyuma hadi kileleni pamoja na rafiki yake Onesmo, wakafunga kamba ya ngozi kwenye mkuyu uliojiotea juu ya mwamba, na Bujiku akashushwa hadi kwenye ule mlango. Hapo palikuwa na kibaraza cha jiwe cha kutosha mtu mmoja kusimama. Alijifungua kamba ili afanye kazi yake kwa nafasi, akaingia na moshi, akakata masega. Akimaliza alipuliza filimbi ya pembe ya swala aliyoivaa shingoni, kwa sababu sauti ya mtu aliye ndani ya ufa haikufika juu. Onesmo akisikia filimbi, anavuta.

Mke wa Bujiku aliitwa Salvina. Alitoka kwa Wasumbwa wa Ushirombo, katika familia ya Kikatoliki yenye mabinti wengi, na alikuja kwetu kwa ndoa mwaka 1967 akiwa na sanduku la bati na rozari. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na watu walisema amepata bahati kwa sababu Bujiku hakunywa pombe wala hakumpiga. Mwaka 1969 walipata mtoto wa kike, wakamwita Apolonia. Mtoto alikuwa bado hajakaa vizuri siku baba yake alipokwenda Itale kwa mara ya mwisho.

Kilichotokea siku ile Onesmo alikisimulia mara nyingi, na hakukibadilisha. Bujiku alikwisha kushuka. Kamba ililegea, maana yake amefika na amejifungua. Kisha mkuyu ule, ambao walikuwa wameutegemea miaka yote, uling'oka na mizizi yake. Ulimpita Onesmo kama ng'ombe aliyekata kamba, ukaanguka hadi chini kwa kishindo kilichosikika kijijini. Nyuki walitoka wote. Onesmo alikimbia kwenye mteremko wa nyuma huku amefunika uso, akaanguka, akavunja goti.

Watu walipofika chini ya mwamba waliukuta mkuyu, wakaikuta kamba bado imefungwa kwenye shina. Mtu hakuwepo. Waliita, "Bujiku! Bujiku we!" Hakuna aliyeitika. Nyuki hawakuwaacha wasogee karibu, na jua lilikuwa linashuka. Basi walirudi nyumbani, na kwa Bujiku kilio kikaanza.

Jioni ya siku iliyofuata, ng'ombe wakiwa wanaingia zizini, filimbi ilisikika kutoka Itale.

Haikuwa sauti ndefu. Ilikuwa fupi, ikakatika, ikaja tena. Kila mtu aliisikia. Wanawake waliokuwa wanalia walinyamaza. Salvina alisimama na mtoto kifuani, akaanza kutembea kuelekea mbugani, na mzee Maige, baba mkubwa wa Bujiku, ndiye aliyemzuia.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Baba, ananiita."

"Aliyekufa hujaribu kuita," mzee Maige alisema. "Hapo ndipo anapotafuta wa kumfuata. Ukimjibu, hatakuchukua wewe. Atachukua damu yake." Akamgusa mtoto kichwani. "Rudi ndani."

Mzee Maige hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetoa ng'ombe kwa ajili ya mahari ya Bujiku baada ya baba yake kufa. Alisema alichofundishwa na waliomtangulia, na hakuna aliyembishia, hata katekista. Mganga aliyeitwa alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba mtu asisogelee Itale hadi mvua zinyeshe. Salvina aliingia ndani. Alijifunga kanga kichwani, akaziba masikio nayo, akamnyonyesha mtoto huku anasali. Filimbi iliendelea jioni zile, kila mara ikiwa hafifu kuliko jana yake. Kisha ikanyamaza. Watu walisema amekubali kwenda.

Lakini kwa Salvina haikunyamaza.

Alianza kuisikia tena baada ya mvua za kwanza, saa zile zile ng'ombe wanaporudi, akiwa anatwanga au anachota maji. Aligeuka kutazama wengine. Hakuna aliyeinua kichwa. Alimuuliza jirani yake, "Umesikia?" Jirani akasema hapana, na siku iliyofuata akahamisha kinu chake mbali kidogo. Salvina hakuuliza tena. Aliendelea kutwanga.

Shida nyingine ilikuwa hali yake. Hapakuwa na mwili, wala kaburi. Ukoo wa Bujiku haukuweza kumaliza matanga, kwa hiyo Salvina hakuwa mjane wala mke. Wakati huohuo maneno yakaanza. Kamba bila mtu, watu walisema, hilo ni jambo la mtu aliyetoroka. Mfanyabiashara mmoja wa mchele aliyetoka Kahama alisema amemwona Bujiku huko Geita, kwenye michanga ya dhahabu, amenenepa.

Salvina alimwacha mtoto kwa dada wa Bujiku, akaenda. Alipanda basi hadi Kahama, na kutoka Kahama alipata lori la mbao. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefungwa siku hizo, na vichakani walibaki watu wachache wakichekecha michanga kwa karai na kuishi kwenye vibanda vya nyasi. Alipita kibanda kwa kibanda akiuliza. Wachimbaji walimcheka, kisha wakamhurumia, na mwisho wakamletea mtu aliyeitwa Bujiku. Alikuwa mrefu, mweupe, mwenye pengo la meno. Alisimama mbele ya Salvina na karai mkononi, akasema, "Shikamoo mama. Nasikia unanitafuta." Salvina alimtazama kwa muda, akasema, "Marahaba. Nimekosea mtu." Jioni ile, katikati ya wachimbaji wageni, mbali na nyumbani safari nzima ya lori, aliisikia filimbi. Hapo akajua kwamba hakuna mahali atakapokwenda isimfuate.

Mwaka 1974 ilikuja amri ya kuhamia vijijini. Kaya zetu zilitakiwa ziondoke mbugani na kujipanga kando ya barabara, karibu na shule na kisima, kabla ya msimu wa kulima. Balozi wa nyumba kumi alipita akieleza. Watu walianza kung'oa miti ya nyumba zao. Salvina alimsikiliza balozi hadi mwisho, akamshukuru, akampa maji ya kunywa. Kisha akachukua kuku mmoja, akaenda nyumbani kwa Onesmo.

Onesmo alikuwa ameketi nje akisuka kamba ya katani. Goti lake halikupona. Lilikuwa limekakamaa, na alitembea kwa fimbo. Tangu siku ile hakurudi Itale, na nyumba yake alikuwa ameigeuza mlango ili usitazame upande huo.

"Shemeji," Salvina alisema baada ya salamu, "nataka unifundishe kukwea."

"Kukwea nini?"

"Unajua ni nini."

Onesmo aliendelea kusuka. "Mama Apolonia, mti wa juu haupo tena. Hakuna pa kufunga kamba."

"Ndiyo maana sikusema kushuka. Nimesema kukwea. Bujiku aliniambia mlipokuwa vijana mlipanda kwa chini, kupitia ule ufa."

"Tulikuwa wajinga."

"Mlifika?"

Onesmo aliweka kamba chini. Kisha akasema, "Tulifika."

"Tunahama, shemeji. Mimi simwachi pale. Kama yumo nitamtoa. Kama hayumo nitajua hayumo, nitavua kanga hii ya msiba nisiyoijua ni ya msiba gani. Nyuki wameondoka tangu ukame wa mwaka jana, kila mtu anasema. Wewe goti lako halikuruhusu. Langu zima."

Onesmo alimtazama miguu, siyo kwa ubaya, bali kama mtu anayetazama mpini wa jembe kabla ya kununua. "Umevaa kanga," alisema. "Kwa kanga hutapanda hata kichuguu."

Kesho yake alfajiri Salvina alikuja amevaa kaptula ya Bujiku, imefungwa kiunoni kwa kamba, na kanga juu yake kwa ajili ya njiani. Nyuma ya zizi la Onesmo palikuwa na jiwe kubwa, refu kama mara mbili ya mtu. Onesmo aliketi kwenye kigoda chake mbele ya jiwe, fimbo mapajani, na masomo yakaanza.

Siku ya kwanza Salvina aliliparamia jiwe kama anavyopanda mtu aliyekimbizwa na fisi. Alijivuta kwa mikono, akalikumbatia, akachubuka magoti, akateleza. Alifanya hivyo hadi mikono ikakosa nguvu.

"Umemaliza?" Onesmo aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi sasa tuanze. Ulipokuwa unapanda, ulitazama wapi?"

"Juu."

"Tazama miguu. Miguu ndiyo inayopanda. Mikono kazi yake ni kukusaidia usiegemee nyuma. Umebeba ndoo ya maji kichwani tangu utoto, hukuibeba kwa mikono. Hivyo hivyo. Tena usilikumbatie jiwe. Ukilikumbatia, miguu inasukumwa nje. Jiachie nafasi uone unapokanyaga."

Alimfundisha kukanyaga kwa upande wa ndani wa kidole gumba, kisigino kikiwa chini. Alimfundisha kugonga kila jiwe kabla ya kulishika, kwa sababu jiwe zima hujibu kwa sauti kavu na lililoachana na mwenzake hulia kama chungu. Alimfundisha kwamba kiungo kimoja kikiondoka, mkono au mguu, vingine vyote vibaki mahali pake. Usiondoe viwili kwa pamoja hata ukiwa na haraka ya namna gani. Alimlazimisha apumue kwa sauti ili amsikie, kwa sababu wanaoanza hubana pumzi bila kujua na mwili hukakamaa. Na kila alichopanda alimwagiza akishuke njia ile ile, polepole. Salvina aligundua kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Huoni unakokwenda. Unashusha mguu kwenye hewa, unapapasa, unaamini.

"Nikianguka?" aliuliza siku moja.

"Utaanguka. Anguka sasa, hapo hapo ulipo, nikuone."

Aliruka kutoka kimo cha kifua, akatua kama gunia. Onesmo akamwonyesha namna ya kukunja magoti. Aliruka tena na tena mpaka watoto waliokuwa wanapita na mbuzi wakaanza kucheka.

Kijiji kilijua, bila shaka. Wanawake walisema amechanganyikiwa. Wengine walisema ni njia ya kumpata Onesmo, ambaye mkewe alikuwa amefariki. Salvina aliyasikia yote hayo kisimani, akajitwisha ndoo, akaondoka.

Miguu yake ilijifunza kabla yake. Baada ya siku nyingi za kupanda na kushuka alijikuta ameketi juu ya jiwe la zizi bila kukumbuka amefikaje, na ndipo Onesmo alipoleta kamba. Alimfundisha fundo moja tu, la kiunoni, lisilobana wala kufunguka lenyewe. Akamfanya alifunge akiwa amefumba macho, kisha kwa mkono mmoja, akiwa ameshikilia jiwe kwa mwingine.

"Ndani ya ufa kuna mawe yaliyokwama," alimweleza. "Ukifika kwenye jiwe la namna hiyo, jifungue, pitisha kamba nyuma yake, jifunge tena. Mimi nitakuwa chini, kamba nimeizungusha kiunoni. Ukianguka, jiwe litakushika na mimi nitakushika. Ukisema *legeza*, nalegeza. Ukisema *kaza*, nakaza. Usiseme neno lingine lolote, nisije nikachanganyikiwa."

"Na wewe utanijibu?"

Onesmo alikunja kamba. "Nitakujibu," alisema.

Walijaribu Itale kwa mara ya kwanza asubuhi yenye mawingu. Sehemu ya chini ya ufa ilikuwa nyembamba. Salvina alipachika mguu ndani, akaugeuza kidogo hadi ukabana, akasimama juu yake kama alivyofundishwa. Alipachika ngumi, akaikunja ikajaa. Alipanda. Jiwe la kwanza lililokwama alilipita, akafunga kamba bila kutetemeka. Alikuwa anaelekea la pili aliposikia filimbi juu ya kichwa chake, karibu kabisa.

Haikuwa jioni. Hilo ndilo lililomvunja. Miaka yote ilikuja jioni, naye alikuwa amejipangia kumaliza kabla ya jua kuinama. Mguu wake ulianza kuruka wenyewe ndani ya ufa. Hakuweza kupanda wala kushuka. Alisahau maneno mawili aliyopewa.

"Pumua!" Onesmo alipiga kelele kutoka chini. "Mama Apolonia, pumua nikusikie! Tazama mguu wako. Mguu wa kulia. Unauona? Usogeze chini. Hapo hapo. Umefika."

Alimshusha kwa maneno, kiungo kimoja baada ya kingine, hadi akakanyaga nyasi. Salvina aliketi, jasho likimtiririka.

"Umeisikia?" aliuliza.

"Mimi sikusikia kitu," Onesmo alisema. Lakini alisema huku ametazama chini, na mikono yake iliyokuwa imeshika kamba ilikuwa imepauka.

Kisha Onesmo akasema taratibu, "Tangu lini unaisikia?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Mimi pia," alisema. "Ndiyo maana niligeuza mlango."

Walirudi mara ya pili siku ambayo nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kuhamia barabarani. Salvina hakula kitu asubuhi hiyo. Alivaa rozari shingoni, kwa ndani, akafunga gunia tupu mgongoni. Kabla ya kuanza aliweka kiganja kwenye mwamba, ukiwa bado na baridi, akasema kwa Kisumbwa maneno ambayo Onesmo hakuyaelewa.

Alipofika pale aliposhindwa, filimbi ilikuja. Alisimama kwa miguu yake, akapumua kwa sauti hadi Onesmo akamsikia chini, akaendelea. Alipita jiwe la pili na la tatu. Juu ya hapo ufa ulikuwa mpana, ngumi haikujaa tena. Alilazimika kuegemeza mgongo upande mmoja na miguu upande wa pili, na kujisukuma kidogo kidogo kama mtu anayepanda ndani ya kisima. Mbuga ilikuwa imefunguka chini yake hadi mbali, na moshi wa nyumba zilizobaki. Hakuitazama. Alitazama miguu. Kisha mkono wake ukagusa ukingo bapa, akajivuta, akawa amesimama kwenye kibaraza cha mumewe.

Filimbi ilinyamaza.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mikojo ya pimbi. Masega ya zamani yalining'inia, makavu, meusi. Kibaraza kiliingia ndani, kisha kikakatika ghafla kwenye shimo la kimo cha mtu. Alisubiri hadi macho yakazoea. Bujiku alikuwa chini ya shimo, ameketi, mgongo ukutani, uso wake umeelekea mwanga.

Salvina alifunga kamba kwenye jiwe, akashuka.

Alikuwa mifupa na nguo. Filimbi ilikuwa shingoni. Salvina alipiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono amguse, na hapo akauona mguu. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Pande zake mbili palikuwa na vijiti vya mwenge wa moshi, vimekatwa sawasawa, na vimefungwa kwa vitambaa vya shati lililochanwa. Vilifungwa kwa mafundo ya kiunoni, moja juu, moja katikati, moja chini, kama wanavyofunga waganga wa mifupa. Kando yake palikuwa na nta iliyotafunwa, imekusanywa vizuri mahali pamoja, kama mtu anavyokusanya maganda ili asichafue nyumba.

Aliyekufa hajifungi mguu.

Salvina alielewa yote kwa mara moja. Alielewa kwamba siku ya kwanza walipomwita alikuwa ameanguka shimoni na kuzimia. Alielewa filimbi ile fupi, inayokatika na kurudi, na kwa nini kila jioni ilikuwa hafifu kuliko jana yake. Saa za jioni ndipo jua liliingia ndani ya ufa, na ndipo Bujiku alipokumbuka kwamba bado kuna watu duniani. Alikuwa anakula asali, anasubiri, na anapuliza. Na huko kijijini watu wake walikuwa wamekaa ndani wameziba masikio.

"Mama Apolonia!" sauti ya Onesmo ilifika kwa mbali. "Umemwona?"

Salvina alikaa karibu na mumewe, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukaa vingine. Alimwambia, "Nimekuja." Alisema mara nyingi, kwa lugha zote alizokuwa nazo.

Onesmo aliita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na hofu. Salvina alipanda hadi kwenye kibaraza, akachungulia.

"Yumo," alisema.

"Mungu wangu."

"Shemeji, alijifunga mguu."

"Unasema?"

"Mguu ulivunjika. Akaufunga. Ameufunga vizuri sana."

Onesmo alisimama na kamba kiunoni, uso ameuinua. Kisha Salvina akaona fimbo inaanguka, na mtu mzima yule akaketi chini kwenye nyasi, amefunika kichwa kwa mikono. Lakini kamba hakuiachia.

Salvina aliiteremsha mifupa ndani ya gunia, taratibu, na Onesmo aliipokea. Kisha akashuka mwenyewe. Anasema hakumbuki namna alivyoshuka.

Walimpeleka kwa mzee Maige, aliyekuwa amebaki kwenye boma lake la zamani akisubiri kubebwa. Siku hizo macho yake hayakuona vizuri. Salvina aliweka gunia mbele yake, akamwamkia, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya ule mguu. Vidole vya mzee vilipita juu ya vijiti, juu ya vitambaa, fundo hadi fundo. Vilisimama kwenye fundo la mwisho. Alirudisha mkono polepole, akaukumbatia kifuani kama umeungua.

"Tulifanya kama tulivyofundishwa," alisema.

"Najua, baba," Salvina alisema. "Na mimi nilifanya kama nilivyofundishwa."

Walimzika Bujiku palepale mbugani, chini ya Itale, katekista akasali na mzee Maige akamwaga maji kwa desturi yake. Matanga yakaondolewa. Salvina akawa mjane mbele ya watu wote, na wiki ile ile akang'oa miti ya nyumba yake, akahamia barabarani. Mzee Maige alifariki kabla ya msimu wa mavuno. Onesmo aliishi miaka mingi. Hakumwoa Salvina, ingawa watu walisubiri, lakini kila alipochinja alimpelekea nyama.

Filimbi haikusikika tena. Ungedhani hilo lilimpa raha. Yeye mwenyewe alisema kwamba jioni za kwanza bila filimbi zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu alikuwa anatoka nje, anasimama, na hakuna kinachokuja.

Hakuacha kukwea. Nyuki waliporudi yeye ndiye aliyewafuata, akawa mwanamke wa kwanza kwetu kuuza asali ya mwamba. Wachimbaji wa dhahabu walipoanza kumiminika Bugarama, walimwita mara mbili kuwafundisha watu namna ya kujifunga kamba na kupanda kuta za mashimo yao, akaenda.

Mwaka 1986 Apolonia, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu kama baba yake, aliomba apelekwe juu. Alikuwa amejifunza kwenye jiwe la zizi la Onesmo kama mama yake. Walipanda asubuhi, mama mbele, mtoto nyuma, wakafika kwenye kibaraza, wakaketi wamebanana, miguu ikining'inia, wakatafuna michembe ya viazi vikavu waliyobeba.

"Pamebana," Apolonia alisema. "Nilidhani ni pakubwa."

"Panatosha mtu mmoja."

Msichana alitafuna kwa muda. "Shangazi aliniambia," alisema. "Kwamba uliambiwa ukimjibu, mimi nitakufa."

Salvina hakugeuka. "Ndiyo."

"Ungejua yu hai, ungejibu?"

"Ningejibu."

"Na kama ungejua yu hai, halafu bado wakakuambia nitakufa?"

Chini mbugani mtu alikuwa anapita na ng'ombe wachache, mdogo kama sisimizi. Salvina alimtazama hadi akapotea nyuma ya miiba. Kisha akavuta kamba, akalikagua fundo la binti yake kiunoni, akalikaza, akalikagua tena, ingawa lilikuwa zima. Apolonia aliungoja mkono wa mama yake umalize, na hakuuliza mara ya pili.